Hati za 1908 na Maskwota wa Pwani ya Kenya

Madhara ya ukoloni yanapojadiliwa barani Afrika, aghalabu hutajwa kwanza yale yaliyoumiza mwili: kiboko, kazi ya shuruti, kambi za kizuizini na risasi. Hayo yalitendeka, na wapo wazee walio hai hadi leo wenye makovu yake. Lakini yapo madhara ya aina nyingine ambayo hayakuhitaji bunduki ili yadumu, kwa kuwa yaliandikwa katika daftari la serikali, yakapigwa muhuri, na hatimaye yakarithiwa na dola huru kama sehemu ya sheria zake. Mfano mmoja ulio dhahiri ni ardhi ya pwani ya Kenya, ambako maelfu ya watu waliozaliwa, kulima na kuzikana mahali pamoja kwa vizazi kadhaa bado huitwa maskwota, yaani watu wanaoishi juu ya ardhi ambayo kisheria ni mali ya mwingine, ilhali mwingine huyo huenda hajawahi hata kulala usiku mmoja katika shamba lenyewe.

Ili hali hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke jinsi watu wa pwani walivyoitazama ardhi kabla ya Waingereza kuingia. Miongoni mwa Mijikenda, jamii tisa ambazo ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, ardhi ilikuwa chini ya ukoo na kaya, yaani makazi ya asili yaliyozungukwa na msitu mtakatifu, na haki ya mtu mmoja mmoja ilitokana na kazi aliyoifanya pale: aliyefyeka ndiye aliyelima, na aliyepanda mti ndiye aliyeumiliki. Katika miji ya Waswahili na Waarabu, sheria ya Kiislamu ilikuwa na utaratibu wake wa mirathi, wakfu na ijara, nayo pia ilikubali kwamba nyumba au mti unaweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwenyewe mwingine.

Jambo hilo la mti na udongo linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake umo mgongano wote uliofuata. Mnazi huanza kuzaa baada ya miaka kadhaa na huendelea kuzaa kwa miongo mingi, hivyo aliyeupanda huwa ameweka akiba itakayowafaa wanawe na wajukuu. David Parkin, mtaalamu wa anthropolojia aliyewachunguza Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi minazi ilivyouzwa, kuwekwa rehani na kukombolewa peke yake, bila ardhi iliyo chini yake kuguswa, huku ushahidi wa mapatano hayo ukihifadhiwa vichwani mwa wazee waliokuwapo na waliokunywa tembo la siku hiyo. Mzee wa namna hiyo ndiye aliyekuwa hati, na aliweza kuitwa barazani na kuulizwa maswali. Sheria ya Uingereza ilishika kanuni iliyo kinyume kabisa, kwamba kila kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi na humfuata mwenye ardhi. Na kwa kanuni hiyo mtu mwenye minazi mia moja angeweza kuamka siku moja akawa hana hata kifuu.

Haifai, hata hivyo, kuipamba enzi iliyotangulia kana kwamba ilikuwa ya haki tupu. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya nafaka na minazi ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa kutoka bara na maeneo ya Ziwa Nyasa, na waliofanikiwa kutoroka walianzisha vijiji vya watoro kama Makongeni na Fuladoyo, ambako waliishi kwa hadhari wakijua kwamba wangeweza kushambuliwa wakati wowote. Ukoloni ulikuta dhuluma hiyo tayari ipo, na namna ulivyoimaliza inaeleza mengi kuhusu yale yaliyofuata: hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa pwani mwaka 1907, fidia ilitolewa kwa mabwana waliopoteza watumwa, si kwa watumwa waliopoteza maisha yao. Mwaka uliofuata, serikali ileile ikatunga sheria ya kuwapa mabwana hao hati za mashamba.

Mamlaka ya Waingereza katika ukanda huo yalitokana na mkataba. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na mnamo Desemba mwaka huohuo ikakubaliana na Sultani wa Zanzibar iusimamie kwa niaba yake ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kuanzia mto Umba hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, kwa malipo ya kila mwaka. Ndiyo maana bara lilipogeuzwa koloni mwaka 1920, pwani iliendelea kuitwa himaya, jambo ambalo mtu wa kawaida hakuliona katika maisha yake ila labda katika bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea Mombasa.

Bara mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walishauri kwamba katika nchi iliyo chini ya himaya na isiyo na kile walichokihesabu kuwa ni serikali ya kudumu, ardhi tupu ni ya Taji, yaani ufalme wa Uingereza, kuigawa upendavyo. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ikaruhusu walowezi wa Kizungu kuuziwa au kukodishiwa mashamba, na ile ya mwaka 1915 ikarefusha ukodishaji hadi miaka 999, tena ikahesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ni ya Taji. Wamasai, waliokuwa wametia saini mikataba ya 1904 na 1911 na kuhamishwa mara mbili, walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kupinga kuondolewa Laikipia, waliambiwa kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya mataifa mawili na hivyo mahakama ya nchi haina uwezo wa kuisikiliza: walikuwa taifa huru katika jambo lilelile ambalo uhuru ungewanyima haki, na raia wa himaya katika kila jambo lingine. Nyanda za juu zilizotengewa Wazungu zilifikia takriban ekari milioni 7 na nusu.

Pwani haikuweza kuchukuliwa kwa njia hiyo ya moja kwa moja, kwa sababu raia wa Sultani walikuwa na mali ambayo mkataba uliitambua. Wakati huohuo makampuni na walowezi walitaka mashamba ya mpira, mkonge na pamba, na hakuna mwekezaji aliyekuwa tayari kutoa fedha mahali ambapo haikujulikana nani mwenye ardhi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilitungwa ili kuondoa utata huo. Aliteuliwa ofisa wa kuandikisha hatimiliki, na kila anayedai ardhi akatakiwa awasilishe dai lake kwa maandishi katika muda uliowekwa, aeleze mipaka, alete ushahidi na alipie gharama za upimaji. Aliyeshinda alipewa cheti kisichopingika. Na ardhi ambayo hakuna aliyeidai, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya Taji.

Kwa juujuu sheria hiyo haikumtaja mtu kwa rangi yake. Lakini inatosha kuuliza ni nani aliyeweza kutimiza masharti yake. Mwarabu au Mswahili wa mjini mwenye wasia ulioandikwa na kadhi, na mfanyabiashara wa Kihindi aliyeshika rehani ya shamba, walikuwa na karatasi na walijua njia ya kufika ofisini. Mkulima wa Kigiriama au Kidigo, ambaye haki yake ilikuwa katika ukoo, katika miti na katika kumbukumbu za wazee, hakuwa na kitu ambacho ofisa huyo angeweza kukiingiza katika daftari lake. Isitoshe, maofisa walishika msimamo kwamba makao halali ya Mijikenda ni katika hifadhi ya wenyeji iliyotengwa nyuma ya ukanda wa pwani, kwenye nyika yenye mvua haba, na kwa hiyo mtu wa Mijikenda aliyeonekana akilima karibu na bahari alihesabiwa kuwa mgeni aliyejiingiza. Mtumwa aliyeachwa huru naye hakuwa na ukoo wa kumdai wala hifadhi ya kwenda, na mara nyingi alibaki akilima palepale alipolima jana, ila sasa kwa hisani ya bwana mwenye cheti.

Waliokataa kuhama walilazimishwa. Wagiriama waliovuka mto Sabaki na kulima ukingo wake wa kaskazini, wenye rutuba nzuri, waliamriwa warudi kusini, na wakati huohuo serikali ikawataka watoe vibarua na kulipa kodi ya nyumba. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyetembea kijiji kwa kijiji akiwalisha watu viapo vya kutoshirikiana na serikali, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Mnamo Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, vita vikazuka, na baada ya kushindwa Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Historia ya Kenya humtaja Mekatilili kama shujaa aliyepinga kodi na kazi ya kulazimishwa, jambo ambalo ni kweli, lakini ardhi ya Sabaki husahauliwa mara nyingi katika simulizi hiyo.

Juu ya ramani hii ya ardhi serikali ya kikoloni iliweka ramani ya pili, ya rangi za watu. Kila mtu alipangwa kuwa mwenyeji au asiye mwenyeji, na upande aliopangiwa ndio ulioamua kodi atakayolipa, mahakama itakayomhukumu, hospitali atakamotibiwa na kama atabeba kipande, yaani cheti cha alama za vidole ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimika kutembea nacho, mara nyingi katika kibweta cha bati kilichofungwa shingoni. Waarabu walikubaliwa kuwa na mjumbe wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria tangu miaka ya 1920, ilhali Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 tena kwa kuteuliwa. Waswahili wa Mombasa, wale wa Thenashara Taifa, yaani makundi yao kumi na mawili, walijikuta katikati: nasaba yao na dini yao viliwavuta upande mmoja, sheria ikawasukuma upande mwingine, nao wakatumia miaka mingi kupeleka maombi serikalini ili wasihesabiwe wenyeji. Ni rahisi leo kuwabeza kwa hilo, lakini mtu aliyeona kwamba neno moja katika daftari ndilo linalotenganisha mwenye shamba na skwota hakuwa na sababu ya kulipuuza. Hasara yake ni kwamba watu waliokuwa wakioana, kukopeshana na kufanya biashara kwa karne nyingi walifundishwa kuhesabiana kama makabila yenye daraja, na chuki iliyozaliwa humo ingali inajitokeza kila uchaguzi unapokaribia.

Uhuru ungeweza kuwa nafasi ya kuifungua upya hesabu hiyo, na kulikuwa na hofu, kwa upande wa wenye hati, kwamba ndivyo itakavyokuwa. Harakati ya Mwambao, iliyotaka pwani isiunganishwe na Kenya bali ijitawale au irudi chini ya Zanzibar, ilipata nguvu kwa kiasi fulani kutokana na hofu hiyo. Hatimaye, mnamo Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Muhammad Shamte walibadilishana barua ambamo serikali ya Kenya iliahidi kulinda mahakama za kadhi na kuzitambua wakati wote hatimiliki zilizokwisha kuandikishwa pwani. Miezi mitatu baadaye mapinduzi ya Zanzibar yalimng'oa Sultani, akaenda uhamishoni Uingereza. Lakini hati zilizotolewa kwa jina la mamlaka yake zilibaki na nguvu ileile, na Mijikenda, ambao mali yao ndiyo iliyokuwa ikiamuliwa, hawakuwa upande wowote wa barua hizo.

Serikali mpya haikuwa na hamu ya kuitikisa misingi ya umiliki popote pale nchini. Katika nyanda za juu, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mkopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia ili yagawiwe Waafrika, ambao nao walitakiwa kuulipa, kwa hiyo waliopokonywa ardhi waliinunua kwa waliowapokonya. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 iliweka kifungu kilichosema kwamba uandikishaji wa kwanza haungeweza kurekebishwa hata kama ulipatikana kwa ulaghai, na kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 2012. Waliokuwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, huku mashamba ya ndugu zao yakipimwa na kuandikwa majina ya wengine, wanajua vizuri maana yake. Pwani, ardhi ya Taji ikageuka kuwa ardhi ya serikali, na viwanja vya ufukweni vikaanza kugawiwa watu wenye uhusiano na wakubwa, wengi wao wakitoka mbali na bahari.

Yule aliyebaki shambani aliingia katika maisha ambayo uchumi wake umefungwa kwa kamba isiyoonekana. Wenye ardhi wengi huwakataza wakazi kupanda minazi, mikorosho au miembe, na kujenga nyumba ya mawe, kwa kuwa mti wa kudumu na ukuta wa kudumu ni mwanzo wa madai; hivyo familia hulima mahindi na mihogo msimu kwa msimu juu ya ardhi inayofaa zao la miaka sitini, na kuishi katika nyumba ya udongo na makuti ambayo mwenye tingatinga anaweza kuibomoa kwa asubuhi moja. Benki haimkopeshi mtu asiye na hati. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa umebaki mpango wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye udongo. Mpango huo ulifanya kazi pale mwenye udongo alipokuwa jirani anayejulikana, na huwa balaa pale kiwanja kinapouzwa kwa kampuni isiyomjua mtu.

Sheria ya Kenya ina mlango mmoja ambao ungeonekana kuwa ni wokovu: aliyekaa juu ya ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani akaomba aandikishwe kuwa mmiliki. Ugumu wake umo katika maneno yale ya bila idhini. Skwota ambaye yeye au baba yake aliwahi kulipa ijara, au kupeleka gunia la mahindi kwa mwenye shamba kama heshima ya kila mavuno, anahesabiwa kuwa alikaa kwa ruhusa, na miaka yake yote haihesabiki. Kwa lugha nyingine, aliyeishi kwa adabu na maelewano ndiye anayenyimwa haki ambayo mvamizi angeipata. Na ardhi ya serikali haichukuliki kwa njia hiyo hata baada ya miaka mia.

Majaribio ya kulitatua suala hili yamekuwa ya vipande vipande. Mwaka 1989 Bunge lilifuta sheria ya mwaka 1914 iliyoweka ardhi ya Takaungu chini ya wadhamini kwa manufaa ya ukoo wa Mazrui, kwa nia ya kuwapa wakazi, lakini baadaye Mahakama Kuu iliamua kwamba familia hiyo ilinyang'anywa mali yake kinyume cha Katiba. Mwaka 2016 wakazi wa shamba moja la ekari 930 huko Likoni walipewa hati baada ya serikali kulinunua, na kila mmoja akatakiwa alipe takriban shilingi 182,000 kidogo kidogo, deni ambalo wengi walishangaa kulibeba kwa ajili ya ardhi ambayo tayari waliishi juu yake. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, ikapunguza ukodishaji wote wa wasio raia hadi miaka 99, na ikaitambua ardhi ya jamii. Lakini Katiba hiyohiyo inalinda mali ya mtu binafsi iliyopatikana kihalali, na hati za 1908 zilipatikana kihalali kwa mujibu wa sheria ya 1908.

Kwa upande wa Uingereza, mjadala wa fidia umejikita katika mateso. Mwaka 2013 serikali yake ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, na mwaka 2023 Mfalme Charles akiwa Nairobi alieleza masikitiko yake kuhusu ukatili wa wakati huo bila kuomba radhi rasmi. Wakipsigis wa Kericho na ukoo wa Watalai, uliohamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934 na ardhi yao kuwa mashamba ya chai, wamepeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na shauri lao linahusu ardhi hasa. Pwani haina shauri la namna hiyo, kwa sababu mshtakiwa wake hajulikani vizuri. Mwingereza aliandika sheria, lakini hati iko mkononi mwa Mkenya mwingine, ambaye huenda babu yake aliipata kwa kufuata utaratibu pekee uliokuwapo na ambaye naye anaweza kuonyesha kaburi la babu huyo. Na serikali inayotakiwa kuamua kati yao ndiyo iliyorithi ardhi yote ambayo mwaka 1908 hakuna aliyeweza kuidai kwa maandishi.